Hojaji tulizotuma kwa posta hazirudi: kosa ni la nani?

#1 – Mwanzisha uzi

Ndugu zangu,

Kila aliyewahi kufanya utafiti kwa hojaji za posta anaujua ule muda wa kungoja. Bahasha zimeshaondoka, kila moja ikiwa na barua ya maelezo, hojaji na bahasha ya kurudishia yenye stempu. Wiki ya kwanza majibu yanaingia kiasi cha kumpa mtu matumaini, ya pili yanapungua, na ikifika ya nne hakuna kinachokuja isipokuwa zile zilizorudishwa na posta kwa sababu mwenye anwani amehama. Hapo ndipo inapozuka sentensi ambayo nimeisikia mara nyingi katika vikao vya watafiti, na ambayo mimi mwenyewe niliwahi kuiandika katika ripoti, kwamba watu hawapendi kujibu hojaji. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu leo siiamini tena sentensi hiyo. Ina ukweli kidogo ndani yake, lakini kazi yake kubwa ni kutuondolea lawama. Wengi wa wanaonyamaza hawakukaa chini wakakataa. Waliishika bahasha kwa muda mfupi, wakaona kwamba aliyeiandika hakuwafikiria, wakaiweka kando.

Tatizo lenyewe ni la kale. Mwaka 1790 Sir John Sinclair, mwanasiasa wa Uskoti, aliwatumia wachungaji wa parokia za nchi hiyo, ambazo zilikuwa zaidi ya 900, maswali zaidi ya 160 kuhusu ardhi, idadi ya watu, kilimo na hali ya maisha katika maeneo yao. Wachungaji hao walikuwa watu wa kalamu, na hakuna aliyezijua parokia zile kuliko wao. Hata hivyo Sinclair alilazimika kuwaandikia barua za kuwakumbusha mara nyingi, na mwishowe akawatuma watu wake wakakusanye habari katika parokia zilizokuwa zimebaki kimya. Kazi yake ilitoka katika juzuu 21, kati ya mwaka 1791 na 1799. Ikiwa wasomi wa karne ya 18 walihitaji kusukumwa kiasi hicho, basi tusiseme kwamba kutojibu ni uvivu wa watu wa siku hizi au ni dalili ya kukosa elimu.

Miaka kadhaa iliyopita nilisaidia kuendesha utafiti uliopata majibu machache kuliko tulivyotarajia, tukaamua kuwafuata baadhi ya walionyamaza, wengine kwa simu na wengine kwa kuwatembelea. Niliondoka nikiwa na picha ya watu wabishi wanaochukia kuulizwa maswali, na watu hao sikuwakuta. Nilimkuta mjane aliyeihifadhi bahasha bila kuifungua, kwa kuwa jina lililoandikwa juu yake lilikuwa la marehemu mumewe. Nilimkuta mzee ambaye macho yake hayakuweza kabisa herufi zetu, tulizozipunguza ili hojaji ienee katika kurasa chache na gharama ya posta ishuke. Mwingine alikuwa amejaza kila swali hadi la mwisho, ila bahasha ya kurudishia ilikuwa imempotea, na anwani yetu haikuandikwa mahali pengine popote katika karatasi zile. Yupo aliyenionyesha kwamba swali letu la tatu liliuliza kipato chake cha mwezi, akataka kujua ni mgeni gani anayeingia nyumbani kwa mtu na kuanza kuuliza mfukoni mna nini kabla hata hajaketi.

Lililoniuma kuliko yote lilitoka kwa mtu aliyejaza nusu ya hojaji kisha akaacha. Alinifungulia ukurasa wa mwisho, akanionyesha namba ndogo iliyochapwa pembeni, akauliza namba hiyo ni ya nini ikiwa barua yetu imeahidi kwamba hakuna atakayejua nani amejibu nini. Namba ile tuliiweka kwa nia njema, ili anayerudisha hojaji afutwe katika orodha na asitumiwe tena barua ya kumkumbusha. Lakini hatukumweleza. Tulikuwa tumechanganya ahadi mbili ambazo hazifanani: majibu yasiyo na utambulisho, ambayo hata mtafiti mwenyewe hawezi kujua ni ya nani, na majibu ya siri, ambayo mtafiti anaweza kumjua mwenyewe lakini amejifunga kutomtaja kwa yeyote. Tulikuwa na ya pili, tukaandika ya kwanza. Yule bwana hakuwa mwoga wala mkorofi. Aliisoma barua yetu kwa makini kuliko sisi tulioiandika, na alikuwa na haki kabisa ya kuweka kalamu chini.

Tangu siku hiyo nimejizoeza kuwagawa walionyamaza katika mafungu matatu: ambao barua haikuwafikia, ambao iliwafikia lakini hawakuweza kujibu, na ambao waliweza lakini hawakutaka. Katika ripoti nyingi mafungu haya yanamwagwa kwenye kapu moja linaloitwa "wasiojibu", kisha lawama yote inabebeshwa fungu la tatu. Hojaji zinazokwenda maofisini ndizo zenye shida zaidi hapa, kwa sababu zinaweza kulala mapokezi kwa wiki nzima, zikapelekwa kwa ofisa asiye na mamlaka ya kusema kwa niaba ya taasisi, naye akazipandisha kwa mkubwa wake, ambako hazitoki.

Kuhusu hao wa fungu la tatu, maelezo yaliyonisaidia zaidi ni ya Don Dillman wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington nchini Marekani, ambaye mwaka 1978 alipanga utaratibu mzima wa tafiti za posta juu ya wazo kwamba kujibu hojaji ni mabadilishano baina ya watu. Anayeombwa hujiuliza, pengine bila hata kujitambua, atapata nini, atapoteza nini, na kama anayeomba ni mtu wa kuaminika. Anachopata si lazima kiwe fedha, kwani kuombwa ushauri kwa heshima nako ni kupata. Na anachopoteza si dakika tu, kwa maana mtu anaweza kupoteza utulivu wake pale anapolazimishwa kukiri kwenye karatasi kwamba hajui, hana au hakufanya. Mwaka huohuo Thomas Heberlein na Robert Baumgartner walichambua tafiti nyingi za posta kwa pamoja, wakaona kwamba mambo mawili yalibeba uzito mkubwa: mada kuwa na maana kwa anayeulizwa, na idadi ya mara alizofikiwa. Turudi basi kwenye barua zetu wenyewe, zinazoanza kwa "Kwa yeyote anayehusika" na kueleza kwa aya mbili umuhimu wa utafiti kwa mtafiti. Mada ina maana gani kwa yule anayesoma? Hatukumwambia.

Naomba michango, hasa kutoka kwa mtu ambaye amewahi kuipokea hojaji na hakuirudisha.

#2 – Mchangiaji

Ndugu mwanzisha uzi, nakushukuru kwa maelezo yako, ila naona unalikuza jambo ambalo lina dawa rahisi. Nikihitaji majibu mia tano na najua kwamba wanaojibu ni robo, nitatuma hojaji elfu mbili. Majibu mia tano ni mengi, na hesabu zake zitatoka vizuri. Kwa nini nihangaike na waliokaa kimya?

#3 – Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, dawa hiyo ilijaribiwa kwa kiwango ambacho mimi na wewe hatutakifikia, na ikashindwa mbele ya nchi nzima. Mwaka 1936 gazeti la Literary Digest la Marekani lilituma kwa posta kadi takriban milioni 10 kuwauliza watu watampigia nani kura ya urais. Zaidi ya milioni mbili zilirudi. Kwa kuzitegemea hizo, gazeti likatabiri kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt kwa tofauti ya wazi. Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48 yaliyokuwapo.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba kosa lilikuwa katika orodha ya anwani, kwa kuwa majina yalitolewa kwenye vitabu vya simu na kumbukumbu za wenye magari, yaani watu waliokuwa na uwezo katika miaka ile ya dhiki ya uchumi. Hiyo ni kweli, lakini haitoshi. Mwaka 1988 Peverill Squire alirudi kwenye takwimu za kura ya maoni iliyofanywa mwaka 1937, ambamo watu waliulizwa kama waliipokea kadi ile na kama waliirudisha. Alikuta kwamba waliopokea kadi na kunyamaza walikuwa upande wa Roosevelt kwa wingi, na kwamba kama wote waliotumiwa kadi wangejibu, gazeti lingemtaja mshindi sahihi, pamoja na kasoro za orodha yake. Ukimya ndio ulioliangusha.

Hesabu yake inaeleweka kwa maneno. Chukua sehemu ya sampuli ambayo haikujibu, uizidishe kwa tofauti iliyopo baina ya waliojibu na wasiojibu katika jambo unalolipima. Zao lake ndilo kosa lako. Ukiongeza idadi ya bahasha, hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo viwili kinachopungua, na badala yake unaongeza uhakika wako juu ya jibu lisilo sahihi. Ndiyo maana mwaka 1946 Morris Hansen na William Hurwitz walipendekeza njia ninayoipenda mpaka leo, nayo ni kutuma hojaji kwa posta, kisha kuchukua sampuli ndogo miongoni mwa wasiojibu na kuwafuata ana kwa ana, kwa juhudi yote. Majibu hamsini yaliyopatikana kwa jasho miongoni mwa walionyamaza yanaweza kukufundisha zaidi kuliko mia tano yaliyokuja yenyewe.

Naongeza jambo moja ili nisieleweke vibaya. Kiwango kidogo cha mwitikio peke yake hakithibitishi kwamba matokeo yamepotoka. Robert Groves na Emilia Peytcheva walipochambua tafiti 59 mwaka 2008 waliona kwamba uhusiano kati ya kiwango cha kutojibu na ukubwa wa kosa ni dhaifu, na kwamba katika utafiti mmoja swali moja linaweza kupotoka sana huku jingine likibaki salama. Lakini huwezi kujua ni swali lipi bila kuwajua walionyamaza.

#4 – Mchangiaji

Mimi nimo katika hao unaowatafuta, na nitasema bila kuficha. Nimepokea hojaji nyingi na nimerudisha chache. Sababu yangu ya kwanza ni kwamba nimedanganywa. Niliwahi kujaza hojaji iliyojiita ya utafiti, nikaeleza mambo ya nyumbani kwangu kwa uaminifu, na haukupita muda nikaanza kuandikiwa na kupigiwa simu na watu wanaouza vitu vilevile nilivyoulizwa. Tangu hapo kila bahasha ndefu yenye neno "utafiti" naishika kama mtu anayeshika kamba gizani.

Sababu ya pili ni kwamba sijawahi, hata mara moja, kuambiwa majibu yangu yalifika wapi. Nikimpa mtu saa moja ya maisha yangu, kisha asinirudie hata kwa ukurasa mmoja wa kusema tuliyoyapata ni haya, najifunza kwamba saa yangu haikuwa na thamani kwake. Anayenitumia hojaji ya pili analipa deni la yule wa kwanza, ingawa hawajuani.

#5 – Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, mchango wako una uzito kuliko maelezo yangu yote ya mwanzo. Wauzaji wanaojificha nyuma ya jina la utafiti wanachota kwenye kisima kimoja nasi na kukichafua, na hakuna barua ya maelezo, hata ikiandikwa vizuri kiasi gani, inayoweza kukisafisha peke yake. Hilo la kutorudisha matokeo, kwa upande mwingine, ni letu kabisa. Tunaandika kwamba atakayependa atapelekewa muhtasari, kisha mradi unaisha, fedha zinaisha, na muhtasari hauandikwi. Nimelifanya kosa hili na ninalijutia.

#6 – Mchangiaji

Mimi ni mwanafunzi, naandaa hojaji zangu za kwanza. Msimamizi wangu ameshauri niweke fedha kidogo ndani ya bahasha. Naona haya, kwa sababu inafanana na kununua majibu. Je, si afadhali niahidi kuwatumia wale tu watakaojibu?

#7 – Mwanzisha uzi

Mwanangu, swali lako ni zuri na haya zako ni za heshima, lakini ushahidi uko upande wa msimamizi wako. Allan Church alikusanya majaribio mengi ya aina hii na kuyachambua mwaka 1993. Fedha zilizowekwa ndani ya bahasha pamoja na hojaji ziliongeza mwitikio kwa wastani wa asilimia 19.1, ikiwa na maana kwamba palipokuwa na 40 katika mia pangekuwa na 59. Zawadi zilizoahidiwa kutolewa baada ya kujibu hazikuleta tofauti ya kutegemewa.

Ukizitazama hizo mbili kwa makini, utaona kwamba ile unayoiona ya heshima ndiyo inayonunua. Ahadi ya kulipa baada ya kazi ni ujira, na mtu akipima ujira mdogo na saa yake ataona haulingani, aache. Kinachotangulia bila masharti ni zawadi, tena kinaonyesha kwamba wewe umemwamini kwanza, kwa sababu anaweza kukichukua na asijibu. Ndiyo maana kiasi kidogo kinafanya kazi ambayo malipo halisi hayaifanyi. Sharti langu ni moja, kwamba kisiwe kikubwa kiasi cha kumfanya maskini ajione hana uhuru wa kukataa.

Fedha si kila kitu. Mapitio ya Phil Edwards na wenzake ya mwaka 2002, yaliyojumlisha majaribio 292, yalionyesha kwamba hojaji fupi, barua inayomtaja mtu kwa jina, stempu halisi kwenye bahasha ya kurudishia, taarifa inayotangulia hojaji na ufuatiliaji baada yake, yote haya huongeza uwezekano wa kujibiwa, na kwamba maswali ya mambo nyeti huupunguza. Stempu inanigusa kila ninapoifikiria. Bahasha yenye chapa ya kulipiwa baadaye inamgharimu mtafiti pale tu inaporudi, ilhali stempu ameshailipia, na mtu huona uzito kutupa kitu ambacho mwenzake amekilipia.

#8 – Mchangiaji

Nimefanya kazi ya takwimu za sensa kwa miaka mingi, na naona mnasahau sheria. Pale ambapo kujibu ni wajibu kisheria, watu hujibu. Mwaka 2011 Kanada iliiondoa hojaji ndefu ya lazima ya sensa na kuweka utafiti wa hiari badala yake. Mkuu wa taasisi ya takwimu ya nchi hiyo, Munir Sheikh, alikuwa amejiuzulu mwaka uliotangulia kuhusiana na uamuzi huo. Mwitikio ulishuka kutoka asilimia 93.5 ya mwaka 2006 hadi 68.6, ingawa hojaji zilipelekwa kwa kaya nyingi zaidi. Mwaka 2016 hojaji ya lazima ilirudishwa.

#9 – Mwanzisha uzi

Ndugu, nakubali kila neno, na mfano huo unastahili kukumbukwa na kila serikali inayodhani kwamba hiari haina gharama. Naongeza tu kwamba hata sheria haikumaliza ukimya. Nchini Marekani kujibu sensa ni lazima, lakini hojaji zilizorudishwa kwa posta zilikuwa asilimia 78 mwaka 1970, zikawa 75 mwaka 1980, na 65 mwaka 1990. Wajibu wa kisheria haukuondolewa; kilichopungua ni kitu kingine, na nadhani mchangiaji wa #4 ameshatuambia kwa sehemu ni nini. Sisi wengine, ambao hatuna sheria ya kutushika mkono, tunabaki na adabu tu kama nyenzo yetu.

#10 – Mchangiaji

Nashukuru, mwalimu. Ni mimi, yule mwanafunzi wa #6. Nimeisoma barua yangu upya usiku huu. Nimeondoa "Kwa yeyote anayehusika", nimelihamisha swali la kipato kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na nimeandika waziwazi kazi ya ile namba ya pembeni. Nimepanga kutuma taarifa fupi siku chache kabla ya hojaji, na kadi ya kushukuru na kukumbusha wiki moja baada yake. Baada ya hapo, nikiona mtu bado yuko kimya, nimwandikie tena au nitakuwa namsumbua?

#11 – Mwanzisha uzi

Mwandikie mara moja zaidi, wiki mbili au tatu baada ya kadi, tena umpelekee hojaji nyingine nzima, kwa sababu ya kwanza huenda imeshapotea na mtu huona aibu kuomba nyingine. Barua hiyo isirudie maneno ya ile ya kwanza. Mwambie kwamba majibu yanaendelea kufika, lakini ya mtu mwenye hali kama yake bado hayatoshi, ikiwa hilo ni kweli. Mpe pia njia ya kukataa kwa heshima, kwa mfano kurudisha hojaji tupu, nawe uheshimu uamuzi wake usimfuate tena. Zile zitakazorudishwa na posta kwa sababu ya anwani ziweke kwenye fungu lake tangu siku ya kwanza, kwani baada ya mwezi hutakumbuka ipi ilikuwa ipi.

Na kabla hujazipeleka kuchapwa, hakikisha anwani yako ipo kwenye ukurasa wa mwisho wa hojaji yenyewe, si kwenye bahasha ya kurudishia peke yake.